ESR ikiwa juu, damu haijachafuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ESR, yaani kipimo cha mwendo wa chembe nyekundu za damu kutuama, namba moja inayowanyima watu wengi usingizi. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi ya kupima damu.

Miezi miwili iliyopita nilitoka maabara kupeleka majibu nikamkuta mama mmoja kwenye benchi la nje, uso ameuinamisha, analia bila sauti. Karatasi yake ya majibu ilikuwa mapajani. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu: ESR 42. Duara hilo nililitambua, maana ni sisi wenyewe wa maabara tunaolichora namba inapopita kiwango. Nikamwamkia, nikaketi kando yake, nikamuuliza kilichomliza. Akasema aliyemsindikiza ndiye aliyemsomea karatasi, akamwambia damu yake imechafuka, huenda ni saratani, na atafute haraka dawa ya kusafisha damu kabla uchafu haujasambaa. Alikuwa na miaka 67. Amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kumtaja jina, nami nitazirudia mwishoni, kwa sababu siku ile mimi pia nilikosea.

Damu chafu. Neno hili nalisikia karibu kila wiki, na kila mara linatoka kwenye namba hiyohiyo. Basi ngoja nieleze tunachofanya na damu yako ukishatuachia na kwenda zako.

Damu inawekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande. Tunaichanganya na maji ya sitireti ya sodiamu, mafungu 4 ya damu kwa fungu 1 la sitireti, kisha tunaivuta ndani ya mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita, 0 juu na 200 chini. Mrija unasimamishwa wima kwenye stendi yake, saa inategwa dakika 60, nasi tunaendelea na kazi nyingine. Hakuna la zaidi. Chembe nyekundu ni nzito kuliko maji yanayozibeba, kwa hiyo zinatuama kidogo kidogo kama mashapo yanavyotuama mtungini, na juu yake yanabaki maji ya manjano mepesi, yaani plazma. Saa ikilia nainama mpaka macho yangu yawe sawa na ule mpaka kati ya manjano na nyekundu, nasoma umeshuka milimita ngapi. Ukishuka 8, naandika 8. Ukishuka 42, naandika 42. Siku hizi zipo mashine zinazofanya kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi, lakini jibu linalotolewa bado ni lilelile: milimita kwa saa. Nimesoma maelfu ya mirija hiyo na sijawahi kuona uchafu ndani yake. Kinachopimwa ni mwendo tu.

Sasa kwa nini chembe za mtu mmoja zishuke taratibu na za mwingine zianguke kama jiwe? Chembe nyekundu zote zina chaji hasi ya umeme kwenye ngozi yake, kwa hiyo zinasukumana na kila moja inashuka kivyake. Mwili unapopambana na jambo, ini linaongeza protini inayoitwa fibrinojeni, na mara nyingi protini za kinga nazo huzidi. Protini hizi zinapunguza ule msukumano. Ukiweka tone la damu ya namna hiyo chini ya darubini unaziona chembe zimelaliana bapa kwa bapa, kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, vijiti virefu vya sarafu vilivyotapakaa kila upande. Nilipoviona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi niliita wenzangu waje watazame. Kijiti kizima kinashuka haraka kuliko sarafu moja. Hiyo ndiyo siri yote ya ESR iliyo juu.

Kinachoziamsha protini hizo, namba haisemi. Inaweza kuwa jino lenye usaha, nimonia, kifua kikuu, baridi yabisi, lupasi, ugonjwa wa figo, saratani. Inaweza pia isiwe ugonjwa kabisa. Kwa mjamzito namba hupanda, na katika miezi ya mwisho kuona zaidi ya 40 hakushangazi. Umri ukienda, namba inakwenda nao. Unene unaipandisha. Upungufu wa damu unaipandisha pia, kwa kuwa chembe zikiwa chache zinapata nafasi ya kushuka bila kuzuiana. Kwa hiyo anayeitazama karatasi peke yake, bila kumtazama mwenye karatasi, hawezi kutaja ugonjwa wowote. Daktari bingwa hawezi, mimi siwezi, na msindikizaji hawezi.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Daktari Edmund Biernacki wa Poland alikieleza mwaka 1897. Mwaka 1918 Robert Fåhraeus wa Sweden aligundua kwamba damu ya wajawazito inatuama haraka, na mwaka 1921 mwenzake Alf Westergren akautumia mrija wake kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Mpaka leo tunaposema njia ya Westergren tunamtaja yeye. Fåhraeus aliwahi kutoa hoja ambayo huikumbuka kila nikisikia habari za damu chafu: kwamba huenda waganga wa Ugiriki ya kale walipata ile imani yao kwamba afya hutegemea maji manne ya mwili kwa kutazama damu iliyoachwa kwenye chombo cha kioo ikijitenga matabaka kwa rangi. Watu wa kale walitazama tabaka wakadhani wameuona ugonjwa wenyewe. Sisi tunatazama duara jekundu.

Nikiri kwamba duara hilo lina kasoro, na kasoro ni yetu. Karatasi nyingi za majibu huchapwa kiwango kimoja kwa watu wote, mfano 0 hadi 20. Vitabu vyetu havisemi hivyo. Kwa kawaida mwanamume aliye chini ya miaka 50 tunamhesabia mpaka 15 na mwanamke mpaka 20. Wakivuka 50, mwanamume mpaka 20 na mwanamke mpaka 30. Ipo pia hesabu ya haraka inayotumiwa sana: mwanamume, gawa umri wake kwa 2, mwanamke, jumlisha 10 kwenye umri kisha gawa kwa 2. Kijana wa kiume wa miaka 24 mwenye 28 na bibi wa miaka 80 mwenye 28 wote watazungushiwa duara lilelile, ilhali kwa kijana kuna la kuuliza na bibi hana neno. Mstari mmoja wa wino kwenye karatasi ungetosha kurekebisha hili.

Tena namba yenyewe inaweza kudanganya kwa sababu ambazo hazimo mwilini mwako. Miaka kadhaa nyuma, mahali nilipokuwa nafanya kazi, ESR zilianza kupanda kwa wiki nzima. Wazee kwa vijana, karibu kila mtu alikuwa na namba ya kutia shaka. Tukabadili sitireti, haikusaidia. Siku ya tano nikapiga magoti sakafuni kuangalia meza, nikaona mguu mmoja wa stendi umevunjika na mtu ameukingia kipande cha boksi kilichokunjwa. Stendi ilikuwa imelala kidogo tu, huwezi kuligundua jambo hilo ukiwa umesimama. Mrija ukilala hata digrii 3, chembe zinatelezea ukuta mmoja wa kioo na plazma inapandia ukuta wa pili, na jibu linaweza kuzidi kwa kiasi cha asilimia 30. Juu ya meza hiyohiyo kulikuwa na mashine ya kuzungushia damu, ikitikisa kila kitu kila inapowashwa, na mchana jua la dirishani liliiangukia mirija. Yote matatu yanaharibu kipimo. Tuliwaita watu warudie. Wengine hawakurudi, na mpaka leo nawafikiria. Sijui walimeza nini kwa ajili ya boksi lililokunjwa.

Hapo ndipo linapokuja jambo linaloniuma zaidi, la kutibu namba. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 41, aliugua nimonia. Akatibiwa vizuri, homa ikaisha, kikohozi kikakauka, akarudi kazini. Baada ya siku kumi akapima tena mahali fulani, ESR ikasomeka 58. Akapewa antibiotiki. Baada ya wiki mbili ikasomeka 40, akapewa nyingine ya nguvu zaidi. Alipoanza ya tatu ndipo aliponipigia simu, tumbo linamharisha mara nane kwa siku, mdomo umeota utando mweupe. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaumwa nini?" Akanijibu, "Dada, siumwi. Wanasema ESR haijashuka."

Mhariri, ESR haishuki siku homa inaposhuka. Fibrinojeni iliyokwisha kutengenezwa inakaa siku kadhaa ndani ya damu kabla ya kupungua hata kwa nusu, na protini za kinga zinakaa muda mrefu zaidi. Ugonjwa ukishaondoka, namba inaweza kuchukua wiki nyingi kuufuata. Kutoka 58 hadi 40 ilikuwa habari njema ambayo hakuna aliyempa. Ndiyo maana daktari anayetaka kujua hali ya leo mara nyingi huomba kipimo kingine, CRP, ambacho hupanda ndani ya saa chache na kushuka upesi mtu akipona. Hakuna dawa ya kushusha ESR. Kuna dawa ya nimonia, ya kifua kikuu, ya baridi yabisi. Ugonjwa ukitibiwa, mrija utajisomea wenyewe. Na kama mtu hana ugonjwa unaoonekana baada ya kuulizwa na kupimwa vizuri, na namba imezidi kidogo tu, kinachofaa mara nyingi ni kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Mdogo wangu aliacha zile antibiotiki baada ya daktari wake kumchunguza upya. Katika mwezi wa tatu tangu augue, ESR ilisomeka 11.

Lakini sitaki msomaji afunge gazeti akidhani namba hii ni ya kupuuzwa. Shangazi yangu ana macho yote mawili kwa sababu yake.

Alikuwa na miaka 72. Alianza kulalamika kichwa upande wa kulia, juu ya sikio. Tukadhani ni uchovu. Kisha akasema akichana nywele upande huo ngozi ya kichwa inauma kama ina jeraha. Wiki iliyofuata nikamwona mezani anatafuna kidogo, anasimama, anashika taya, anasubiri, anatafuna tena. Nikamwambia, "Shangazi, jino?" Akasema, "Si jino. Taya linachoka." Asubuhi moja akaona kama pazia la kijivu limepita mbele ya jicho la kulia, likakaa dakika chache, likaondoka. Hakutuambia mpaka jioni.

Daktari aliyempokea alimgusa mshipa wa panjani, kando ya kichwa, akaukuta mnene na mgumu kama uzi wa kiatu. ESR ilikuwa 104. Hakungoja majibu mengine. Alimpa dawa ya steroidi siku ileile, na kipande kidogo cha mshipa kikakatwa kwenda kupimwa siku chache baadaye. Ni ugonjwa wa kuvimba kwa mishipa ya damu ya kichwani, huwapata watu waliovuka miaka 50, na ukiachwa unaweza kuziba mshipa unaolisha jicho. Jicho likishapofuka kwa njia hiyo, kwa kawaida halirudi. Kichwa cha shangazi kiliacha kuuma ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo mtu aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa panjani, au ngozi ya kichwa inayouma akichana nywele, au taya linalochoka akitafuna, au jicho linalofifia hata kwa dakika mbili, asikae nyumbani kusubiri karatasi. Aende siku hiyohiyo. Vivyo hivyo namba inayopita 100, kwa umri wowote, mara nyingi ina sababu nzito nyuma yake: maambukizi makubwa, ugonjwa wa viungo au mishipa, figo, au saratani, hasa ile ya seli za uboho inayojaza damu protini. Hapo kutafuta sababu ni lazima, wala haihitaji mtu kuambiwa damu yake ni chafu ndipo atafutiwe.

Na upande wa pili wa shilingi: namba ndogo haimaanishi uko salama. Mwenye selimundu anaweza kuwa mgonjwa sana na ESR yake ikasomeka 3, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu haziwezi kupangana kama sarafu. Mwenye chembe nyekundu nyingi kupita kiasi ni hivyohivyo. Na wapo wagonjwa wa saratani ambao ESR yao haina kasoro yoyote, ndiyo maana kumpima mtu mzima asiyeumwa popote, eti aone kama yuko sawa, hakumsaidii sana.

Nimrudie yule mama wa benchini. Nilichukua karatasi, nikafanya ile hesabu yangu. 67 ongeza 10 ni 77, nusu yake ni 38 na kidogo. Nikamwambia, "Mama, umezidi milimita tatu na ushee. Kwa umri wako hii si kitu." Akapangusa machozi. Nilijiona nimefanya jema. Kwa kuwa alikuwa tayari kuondoka, nusura nimwache aende, lakini bado hakuwa ameonana na daktari, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Daktari hakuanza na ESR. Aliisoma karatasi kutoka juu. Mstari wa pili uliandikwa hemoglobini 9.1, yaani alikuwa na upungufu wa damu. Ilipimwa meza nyingine, hakuna aliyeizungushia duara, na mimi niliyekuwa nimeishika karatasi mkononi sikuiona, kwa sababu macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye wino mwekundu kama ya yule msindikizaji. Akamuuliza anahema akipanda ngazi? Anahema. Anatumia dawa gani? Vidonge vya maumivu ya magoti, kila siku, zaidi ya mwaka. Choo kina rangi gani? Cheusi, mara nyingine. Kamera ya tumboni ilionyesha kidonda kilichokuwa kinavuja damu taratibu.

Aliyemtisha alikosea. Mimi niliyemtuliza nilikosea pia, na kosa langu lingeweza kumgharimu zaidi, kwa kuwa angerudi nyumbani akaendelea na vidonge vyake.

Ninachoomba kwa wenzangu wa maabara si kikubwa. Tuchape kiwango kwa umri na jinsia. Duara likichorwa, lichorwe kwa kila namba iliyotoka nje ya mstari au lisichorwe kabisa. Stendi ikaguliwe kila asubuhi, kwa kuinama. Kwa madaktari naomba karatasi isikabidhiwe mgonjwa bila maneno mawili ya kuieleza. Kwa wewe msomaji, ukipewa karatasi yenye ESR iliyo juu, mweleze daktari wako unavyojisikia tangu lini, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, viungo kukakamaa asubuhi, dawa zote unazomeza hata zile ulizojinunulia, na kama una ujauzito. Muulize anadhani sababu ni nini, na kama haijulikani, lini kipimo kirudiwe.

Wiki iliyopita yule mama alikuja kupima tena. Ameacha vile vidonge, anatibiwa kidonda, anameza madini ya chuma. Hemoglobini 11.8. ESR 24. Alinikuta dirishani, akanipa karatasi, akaomba nimsomee mistari yote kuanzia wa kwanza. Nikamsomea.

Wako,
Mtaalamu wa maabara na msomaji wako wa siku nyingi